Saa ya Kuachwa

Kazi yake ilikuwa kuvisha ndege pete. Si mzaha. Kila Machi, ndege wadogo waimbao wanapoanza safari ya kurudi kaskazini, yeye hutandaza nyavu vichakani, huwanasa, huwapima, huwavisha pete yenye namba mguuni, kisha huwaacha waende zao. Kazini walimwita Mpimaji.

Lakini mtu mzima na ndevu zake aende kuposa, aseme anavisha ndege pete? Shangazi wa binti mmoja fundi cherehani, ambaye Mpimaji alimpenda kufa, alipomuuliza kazi yake, alijibu, "Natunza kumbukumbu za wasafiri." Shangazi akadhani ni uhamiaji, akamwongezea chai.

Njia ya mwongo ni fupi. Yake iliishia kwenye kochi la shangazi, alikosahau daftari la kazi. Shangazi alivaa miwani akasoma kwa sauti, fundi cherehani akisikiliza, mguu umeganda kwenye pedeli.

"Jike. Kifua njano. Mafuta mengi tumboni. Kavishwa pete saa kumi na mbili na dakika tano. Kaachwa saa kumi na mbili na robo."

"Dakika kumi tu, shangazi?"

"Ngoja, mwanangu. Jike jingine. Kavishwa, kaachwa. Na huyu alikutwa na pete ya mtu wa ng'ambo! Kaachwa vilevile. Kumi na saba, asubuhi moja!"

Kesho yake jua halijachomoza, walimfuata kazini. Shangazi alitangulia, daftari kwapani, kidole mbele. Wavu wa ndege hauonekani, ndiyo maana unanasa. Ulimnasa shangazi na mkoba wake, kilemba chake, hata kile kidole.

Mpimaji alikuja mbio na mazoea yakamtangulia. "Tulia, tulia. Tunaanza na miguu." Nusura ampulize tumboni kama ndege, manyoya yafunuke aone mafuta.

"Nionyeshe hao kumi na saba!" alifoka shangazi kutoka wavuni.

Mpimaji alitoa ndege kwenye mfuko wa kitambaa, akamweka kiganjani mwa fundi cherehani. Mguuni palikuwa na kipete chembamba.

"Huyu ni mmoja wao, amerudi wavuni leo. Niliona haya kusema. Niliogopa utanicheka, nikukose."

Na kweli binti alicheka, alicheka mpaka akakaa chini, ndege akaruka zake.

"Wote hawa umewavisha," alisema. "Mimi mwaka wa tatu huu nakukatia suruali, hujanivisha hata uzi."

Pete ya posa ilikuwa mfukoni mwa shati lake tangu mwaka jana. Mkono uliovisha ndege maelfu bila kukosea ukaidondosha majanini; shangazi akajinasua wavuni, wakaitafuta wote watatu kwa magoti. Akamvisha. Kisha akafanya alilolizoea, akaokota daftari lililomponyoka shangazi, akalifungua.

Aliandika "Jike", akatazamwa, akafuta haraka. Bibi harusi. Kidole: milimita kumi na saba. Kavishwa pete saa moja kasorobo. Kalamu ikasogea yenyewe kwenye safu ya mwisho, saa ya kuachwa.

Shangazi, nyuzi za wavu zikining'inia kilembani, alimpokonya kalamu, akaipiga safu hiyo mstari mnene kutoka juu hadi chini.

"Hapa," alisema, "usije ukaandika kitu."