Nonna Amfuata Mama Yake Vorkuta

Simu ya mama yake ilipokaa siku ya pili bila kupokewa, Nonna Arkadyevna alifunga duka lake la vitambaa mjini Kirov, akapanda treni ya kwenda Vorkuta, mji wa migodi kaskazini ya mbali. Mama huyo, Bibi Klavdia, alikuwa mkaidi, lakini simu aliipokea daima, hata kama ni kwa kugomba tu.

Behewa lilikuwa nusu tupu. Zamani wachimbaji wa makaa ya mawe waliligombea. Sasa aliyekaa mbele yake ni mstaafu mmoja, Gleb Savvich, anayerudi kuhamisha vyombo vyake vya mwisho.

"Mama anakaa mtaa gani?" Gleb aliuliza.

"Nje ya mji. Kitongoji cha mgodi ule uliofungwa."

Mzee akaweka bilauri ya chai chini. "Binti, kule si walishakata joto la majumbani tangu vuli?"

Kwa Nonna hiyo ilikuwa habari mpya. Mama yake hakuwahi kumwambia.

Alfajiri treni ikasimama katikati ya theluji. Upepo ulilipiga behewa mpaka vijiko vikalia. "Tulieni, jamani, njia imefukiwa," alisema mhudumu wa behewa. "Chai ipo." Nonna hakuweza kuinywa. Kila alipofumba macho alimwona mama yake amelala sakafuni.

Walifika siku iliyofuata, mchana usio na jua. Gleb alimtazama Nonna akihangaika na basi lisilokuja, akaguna. "Gari langu liko kwa rafiki yangu hapo nyuma ya stesheni. Usiniage, twende."

Kitongojini hapakuwa na taa hata moja iliyowaka. Gleb aliliacha gari linaunguruma, maana likizimika katika baridi ile haliwaki tena. Ngazi za jengo zilikuwa barafu tupu. Ghorofa ya tatu, mlango wa mama ulikuwa umerudishiwa tu. Ndani mabomba yamepasuka, sakafu imeganda, na kitandani hamna hata blanketi.

"Mama!"

Kutoka chini kikasikika kikohozi. Cha mwanamume.

Walishuka wakiita mbele ya vyumba visivyo na milango. Chini kabisa ulikuwapo mmoja, ukafunguka ghafla, na Bibi Klavdia akatokeza na shoka mkononi.

"Nani huyo? Ah, Nonna! Ingieni upesi, mnanitolea joto!"

Chumbani kulikuwa na jiko la bati, bomba lake limetokezea dirishani. Kitandani, chini ya blanketi zote, alilala Prokop, jirani ambaye dari la mgodi lilimwangukia likamvunja miguu miaka mingi iliyopita. Pumzi ilimtoka kwa taabu.

"Simu je, mama?"

"Umeme hakuna, niichaji kwa moshi? Nimechoma milango ya jengo zima. Imebaki miwili."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekuja kunibeba kama gunia. Na huyu nimwachie nani?"

"Mchukue, Nonna," alisema Prokop kwa sauti ya kukwaruza. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha."

"Nyamaza wewe! Mgonjwa gani mwenye domo hivyo?"

Nonna alikuwa na hasira ya kulia. Miaka yote aliamini mama yake anang'ang'ania kuta, kumbe ni mtu. Akavua mitandio yake, akamfunga Prokop kichwa na kifua, akashika ncha ya godoro. "Gleb Savvich, kamata huko."

Kwenye ngazi aliteleza, goti likagonga barafu, godoro likainama. Prokop alimkodolea macho tu. Nonna aliuma meno, akanyanyuka bila kuachia. Nje upepo uliwaziba pumzi, lakini gari lilikuwa bado linaunguruma.

Hospitalini daktari alisema ni mapafu, na kwamba wamewahi, ila nusura wachelewe. Bibi Klavdia akakataa katakata kupanda treni bila Prokop, na safari hii Nonna hakubishana. Walikaa kwa Gleb, katikati ya maboksi, hadi Machi, Prokop alipoweza kusafiri.

Prokop aliishi Kirov miaka miwili zaidi, kwa Nonna, katika chumba kinachotazama bustani, akigombana na Bibi Klavdia kila asubuhi kuhusu chumvi ya uji. Alipofariki, bibi alikaa wiki nzima bila kumgombeza mtu, na hapo ndipo Nonna alipomhofia mama yake zaidi kuliko siku ile kwenye ngazi.