Firigisi ya Baba

Fizikia ilinitoa jasho hata kwenye baridi ya Iringa. Nilikuwa kidato cha tano, nachukua tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na kila mwalimu alipogeuka kutoka ubaoni kutafuta wa kumuuliza swali, niliinamia daftari. Wenzangu waliogopa viboko. Mimi niliogopa kuulizwa kama nimeelewa. Jamani, kuna kutoelewa leo, halafu kuna kutoelewa kila siku mpaka unajichukia.

Mwalimu wa taaluma akatangaza kwamba anayetaka kuhama tahasusi aje Jumatatu na mzazi. Baada ya hapo basi. Mimi nilitaka HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, nisome Historia yangu kwa raha. Nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani Kilolo, njia nzima narudia maneno yaleyale: Baba, sayansi imenishinda. Jumamosi alirudi kutoka shambani yuko hoi, nikajiambia kesho, baada ya ibada.

Baba yangu ni mzee wa kanisa, na mnada anaendesha yeye. Kwetu washarika huleta sadaka ya shambani, na ibada ikiisha vitu vinanadiwa pale nje. Baba ana mdomo, anaweza kukuuzia kabichi uliyoileta mwenyewe. Siku ile alinadi njegere, akanadi viazi, kisha akainua jogoo mwekundu, akanitafuta kwa macho, akasema atakayemnunua huyu ampe daktari wetu. Watu wakapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jogoo aligombaniwa mpaka akaangukia kwa bibi jirani yetu, mjane anayetembelea fimbo. Akanikabidhi kwa mikono miwili, akaniomba nikimaliza kusoma nianze na goti lake. Nikamshika jogoo, nikasema asante, bibi. Ningesema nini tena?

Jogoo akachinjwa mchana uleule. Nyumbani kwetu firigisi ni ya baba. Hata kaka yangu mkubwa, mwenye mke na watoto, hajawahi kuionja. Mama humwekea juu kabisa kwenye bakuli, na hakuna anayeisogelea. Siku ile baba aliichukua kwa vidole, akaiweka kwenye sahani yangu. Mama akaacha kutafuna.

"Baba," nikaanza, "kuna kitu nataka kukwambia."

"Kula kwanza, daktari," akasema. "Nimenadi vitu vingi pale kanisani, mwanangu, lakini leo ndiyo nimesimama mbele za watu nikajiona na mimi nina kitu."

Nikala. Ilikuwa ngumu, nikaitafuna mpaka ikaisha ladha, na wote wananitazama kwa furaha. Nilihisi nafungiwa mlango na watu wanaonipenda. Baba akanawa, akauliza nilitaka kusema nini. Nikamwambia nimesahau.

Jumatatu mwalimu wa taaluma aliniona nimesimama mlangoni kwake peke yangu. Akaniuliza mzazi wangu anasemaje kuhusu kuhama.

"Hajasema kitu," nikajibu.

Ulikuwa ukweli mtupu, maana hakuna aliyemuuliza. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma, akasema anawajua wazazi wakali, nijitahidi tu hivyohivyo. Nilitaka kumwambia baba yangu si mkali hata kidogo, lakini nikasema tu asante, mwalimu. Nikachukua madaftari yangu, nikaenda darasani. Kipindi cha kwanza kilikuwa Fizikia.