Jogoo Niliyemgawa Nikienda Kupumzika

Jamani, nilikosea. Simsingizii shetani wala pombe. Ni mdomo wangu na jogoo wangu. Jina langu naliacha, maana Ifakara ni ndogo na watu bado hawajamaliza kunicheka.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la sita, nikauza miwa Kiberege, nikavuna mpunga wa watu, nikabeba samaki. Kila ninaposikia mahali sijafika, miguu inaniwasha. Nikirudi mjini nafikia Lipangalala kwa dada yangu, Mama Neema, ambaye mume wake yuko machimboni na watoto wote anawabeba peke yake.

Dada anachukia jambo moja tu kwangu: kuondoka bila kuaga. Baba yetu alitoka asubuhi moja hivyo hivyo, hatukumwona tena. Mimi nilikuwa mdogo, yeye anakumbuka. Ndiyo maana kila nikirudi ananipiga konzi kwanza, halafu ananipakulia.

Basi, siku moja akina mama wa mtaa waliitisha kikao cha afya ya akili. Nilikwenda kwa sababu ya soda, na kwa sababu sipendi kupitwa. Mama Thekla, jirani yetu, ndiye aliyekuwa anafundisha.

"Mkimwona mtu anagawa vitu vyake na kuaga kama harudi," akasema, "huenda amekata tamaa ya kuishi, msimwache peke yake. Kaeni naye. Msikilizeni."

Nikanyoosha mkono. "Na akigawa jogoo, je?"

Kicheko! Mama Thekla akanikata jicho. "Wewe kunywa soda yako."

Laiti ningekunywa!

Wiki hiyo hiyo niliamka asubuhi nikasikia safari inaniita. Kwenda wapi? Sijui. Nikatazama mali yangu: godoro, redio, jogoo. Vyote vizito. Godoro nikampa mpangaji wa chumba cha pili, redio nikampa fundi baiskeli, jogoo nikampelekea Mama Thekla.

"Shikamoo, mama. Mchukue huyu, huko niendako sitamhitaji."

"Marahaba. Unakwenda wapi, baba?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini watoto wa dada walikuwa wamenichosha kwa kelele, nikajibu, "Nakwenda kupumzika. Msinitafute."

Kupumzika! Neno lile lile tunaloandika kwenye misalaba ya makaburi! Na simu nilikuwa nimeiacha kwa dada ikichaji.

Nikadandia bodaboda iliyokuwa inapeleka matenga matupu ya samaki kijijini Mofu. Huku mimi napiga mluzi, kule Lipangalala kumewaka moto. Mama Thekla alitupa ufagio akapiga yowe: "Aliuliza mwenyewe habari ya jogoo! Kumbe alikuwa anatuomba msaada, sisi tukacheka!" Watu wakachungulia visima, wengine wakakimbilia mtoni, na dada akaliita jina langu mpaka sauti ikakauka. Haya nilisimuliwa baadaye, kila mtu akinisimulia kwa hasira yake.

Mofu nilimkuta Bibi Skola, muuza wali, ana chumba cha kupangisha wageni. Nikapewa chumba, nikapewa sahani ya wali. Kabla sijafika nusu ya sahani, simu yake ikaita. Yule dereva wa bodaboda alikuwa ameshawaambia aliponishusha.

Bibi akarudi na uso mwingine. Akaondoa kisu cha samaki mezani, polepole. Akaondoa na uma. Nikaachiwa kijiko.

"Dada yako anakuja, mjukuu wangu. Wanasema umeikatia tamaa dunia. Una nini moyoni? Sema, nipo."

Kosa langu liko hapa, ndugu zangu. Si jogoo. Hapo ningesema, "Bibi, mimi mzima, wamenielewa vibaya," mambo yangeisha. Lakini perege walikuwa wanakaangwa, harufu imejaa uani!

Nikashusha pumzi. "Aah, bibi. Dunia nzito."

Akaongeza samaki. Nikashusha pumzi nyingine, akaongeza maharage. Majirani wakaja na viti vyao wakanizunguka, mvuvi mmoja mzee akanishika mkono. Sikuwa na huzuni ya kuwaeleza, nikawaeleza hasara ya miwa. Wakatikisa vichwa. Mama mmoja alitoa machozi kwa ajili ya miwa! Na mimi, Mungu anisamehe, nilinogewa. Sijawahi kusikilizwa namna ile maishani.

Ndipo dada akatokea. Tope mpaka magotini, kandambili mguu mmoja, jogoo kwapani.

"Unakula?"

"Nakula, dada. Shikamoo."

Akanipiga kwa ile kandambili iliyobaki. Kisha akanikumbatia, na jogoo katikati yetu akipiga kelele.

"Nilijua ni baba tena," akaninong'oneza. "Nilijua nitakaa mlangoni kukusubiri na wewe."

Nikasukuma sahani kando. Nikawaambia wote ukweli palepale. Mvuvi akaniachia mkono kana kwamba ameshika kaa la moto.

"Hata miwa?" yule mama akauliza.

"Miwa ni kweli, mama."

Bibi Skola hakunigombeza. Alimgeukia dada. "Na wewe, mama, una nini?"

"Mimi? Sina kitu," dada akasema, na palepale akaanza kulia. Mume hapigi simu. Usingizi umemkimbia. Anaimba kanisani huku kifua kinambana. Tunalala nyumba moja, mimi mdadisi wa kila kitu, na sikuwahi kumuuliza! Viti vyote vikageuzwa kumwelekea yeye. Samaki wangu pia wakahamishwa.

Alipomaliza akafuta uso. "Bibi, chumba cha huyu ni kipi? Nataka kupumzika."

Watu wote wakaganda. Bibi akakamata kijiko changu.

"Kulala!" dada akafoka. "Kulala tu, jamani!"

Tulicheka mpaka jogoo akanyamaza. Dada akaingia chumbani kwangu akafunga mlango, na mimi nikarudishwa Lipangalala siku hiyo hiyo kuogesha watoto, nimembeba jogoo. Nililala sakafuni, kwa sababu yule mpangaji alikataa kurudisha godoro.

Wenzangu wa kuzunguka, nawaonya: ageni. Kama hujui uendako, sema hujui. Na ukiulizwa una nini moyoni, nawe huna kitu, inuka haraka kwenye kiti hicho. Samaki unaokula si wako.