Siku Nilipomnasa Baba Mkwe kwa Lida Nzito

Aibu hii nimekaa nayo nikiamini itachakaa yenyewe, haikuchakaa, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe kabla hamjaipata kwa mtu mwingine aliyeitia chumvi: mimi, Rehema, mtoto wa Temeke, mtu wa maabara, mke wa mtu, nilimnasa baba mkwe wangu kwa ndoana, mchana kweupe, kando ya mto pale Saint Paul, huku Marekani, watu wakipita na mbwa wao.

Kwanza mjue hali ya nyumbani. Mume wangu Ambokile ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwa mila ya kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Akiingia sebuleni unatoka, mkikutana njiani mmoja anapinda, na maneno yote yanapita kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wameiacha, ila mzee hakuiacha, na alipokuja kututembelea huku tunakoishi, Woodbury, kwa mara ya kwanza alikuwa ameshaambiwa na ukoo mzima kwamba mwanawe kaoa msichana wa Dar asiyejua adabu. Nikajiapiza kwamba atarudi Tukuyu akisema mengine. Na nilikuwa naweza, jamani! Nyumba za huku sebule na jiko ni kitu kimoja, hakuna ukuta (aliyezichora hakuwa na baba mkwe), lakini mzee akianza kushuka ngazi mimi nimeshaingia gereji, nimesimama kati ya mapipa ya taka nanywa chai yangu.

Sasa, mimi nina ugonjwa wa kuvua samaki. Niliambukizwa na wanawake wa kazini, wanaovua kwa fimbo ndefu ya mikono miwili, mtindo unaoitwa Spey, ambao uzuri wake ni kwamba kamba huirushi nyuma yako, unaizungusha juu ya maji mbele na pembeni kisha unaitupa, kwa hiyo hata nyuma yako kukiwa na miti hakuna shida. Tulikuwa tumepanga kwenda kaskazini, kwenye mito inayoingia ziwa kubwa la huko, kuwafuata samoni, samaki wakubwa wanaopanda mitoni msimu wa vuli, na nilihitaji lida. Lida ni kile kipande unachounga mwishoni mwa kamba nene, kabla ya ndoana, kinene huku na chembamba kule, na hizi za samoni zimetengenezwa zizame: nyingine polepole, nyingine haraka, nyingine kama jiwe. Unachagua kwa kuangalia kina cha maji na kasi yake.

Muuzaji akaniuliza swali la kawaida kabisa, mto ninaokwenda una kina gani. Hapo ndipo ningesema sijui, sijawahi kuvua samoni hata mmoja, nisaidie. Badala yake nikajibu "kirefu sana," kwa uso wa mtu anayejua, nikachukua lida inayozama kuliko zote. Akasema hiyo ni nzito kwa kamba niliyonayo. Nikamwambia mimi naipenda hivyo hivyo.

Jumamosi Ambokile alikuwa anampeleka mzee kuona mto, tukakubaliana niende nao nikaijaribu, wao watembee juu kwenye njia ya lami, mimi niwe chini majini, kila mtu na upande wake. Nikavaa suruali yangu ya mpira inayofika kifuani, nikaingia mpaka magotini. Maji yenyewe haba, yamelala. Lida ikazama, ikajilaza chini kwenye mawe, na lida nzito ina masharti yake, kabla ya kuirusha lazima kwanza uipandishe juu ya maji kwa mzungusho mdogo, la sivyo kamba haiwezi kuinyanyua. Mimi nikavuta tu. Haikutoka. Nikakaza meno, nikaegemea nyuma kama mtu anayeng'oa muhogo, ikachomoka kwa hasira, ikapita juu ya bega langu fyuuu, ikakwama nyuma.

Nikajua ni mti. Wala sikugeuka. Nikavuta, ukavutika kidogo kisha ukarudi, nikasema kwa sauti kubwa kabisa, "Niachie, mkaidi wewe! Umezeeka, umekauka, na bado unang'ang'ania vitu vya watu!"

Mti ukakohoa.

Kikohozi kile nilikijua, ndicho kilichokuwa kikinifukuza sebuleni kila asubuhi. Baadaye nilielezwa kwamba Ambokile alipigiwa simu ya kazini akabaki juu, na mzee, ambaye alitaka tu kuona samaki, akateremka taratibu akasimama nyuma yangu, mbali kidogo, akijua nimeelekea mtoni na hatutaonana. Ndoana ilikuwa imemshika begani, kwenye koti lake la suti.

Sasa fikirieni. Siwezi kugeuka, nitamtazama. Siwezi kumwomba radhi, hatuongei. Nikailegeza rili, kile kigurudumu cha kukunjia kamba, nimpe nafasi, naye kwa heshima akarudi nyuma, rili ikalia krrrr, nami kwa heshima nikasogea mbele, rili ikazidi kulia, tukawa tunapeana heshima hivyo mpaka maji yakanifika kiunoni. Mama mmoja Mmarekani mwenye mbwa akasimama akauliza kama tuko salama. Nikamwambia tuko salama kabisa, huyu ni baba mkwe wangu. Akaitazama ile kamba, akaondoka haraka na mbwa wake.

"Ambokile! Please, njoo sasa hivi!"

"Niko kwenye meeting!" akajibu kutoka juu.

"Nimemnasa baba!"

Nikasikia viatu vinateremka mbio. Mzee akamwambia mwanawe, nami nipo pale pale nasikia kila neno, "Muulize mwenye kamba, samaki anaowatafuta wana ukubwa gani?"

"Baba anauliza samaki wana ukubwa gani," Ambokile akaniambia.

"Mwambie sijawahi kuwaona."

"Anasema hajawahi kuwaona, baba."

Mzee akasema, "Basi mwambie ameanza na mkubwa."

Hapo nikaisha. Mabega yakaanza kutetemeka, nikauma mkono wa jaketi. Mzee akavua koti, akalilaza vizuri kwenye nyasi, akaondoka na shati tu katika baridi ile, ili nitoke majini niichomoe ndoana bila kukutana naye. Koti nililishona mwenyewe gereji, na roho iliniuma, maana sasa ukoo ulikuwa na ushahidi, mshono wa wazi begani.

Kesho yake asubuhi akampigia simu mama mkwe, kwa spika, kama wazee wote wanavyopiga. Nikasikia kupitia mlango wa gereji.

"Walitudanganya kuhusu huyu binti. Ameninasa kwa bahati mbaya, lakini katika taabu yote ile hakugeuza shingo hata mara moja kunitazama. Amesimama kwenye maji ya baridi, analia. Nimeyaona mabega."

Nikakaa chini sakafuni. Kila nilichokipigania kilikuwa kimepatikana, na nilifurahi, nisiwadanganye, ila wenzangu, sikuwa nalia. Nilikuwa nacheka. Ningegeuka angeniona meno yote nje.

Siku hizi muuzaji akiniuliza mto una kina gani nasema sijui, nachukua lida nyepesi, na sivuti kitu kabla sijatazama nyuma. Mzee kila akipiga simu bado ananitumia pole kupitia kwa Ambokile, naye Ambokile ananifikishia kwa huruma, na mimi napokea. Nimeapa hawa wawili hawatajua kamwe kwamba kilikuwa kicheko, kwa hiyo neno hili likifika Tukuyu nitawatafuta mmoja mmoja.