Bomba Lililobonyea

Mume wangu alikuwa fundi wa mabomba kwenye ghala la mafuta karibu na bandari, na sisi tulikaa Kikwajuni. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, lori lilirudi nyuma vibaya likaligonga bomba lililopeleka mafuta ya taa kutoka gatini hadi matangini. Bomba halikuvuja. Lilibonyea tu, na pale palipobonyea ukabaki mkwaruzo mrefu.

Wenziwe walisema liachwe hivyo hivyo, maana meli ya mafuta ilikuwa njiani. Yeye hakuridhika. Jumapili alileta uani kwetu vipande vya bomba jembamba la shaba na pampu ya mkono. Vyote alivibana kwa jiliwa mpaka vikabonyea sawasawa, kisha baadhi yake akavikwaruza kwa tupa.

"Nnataka kuona lile bomba letu litafanya nini," aliniambia. "Njoo unipigie pampu, mimi nitazame."

Tulivijaza maji kimoja kimoja. Nilipopiga pampu, pale palipobonyea palinyanyuka kidogo; alipopunguza maji, pakarudi chini. Tukarudia hivyo, kama bomba la ghala linavyojazwa na kupunguzwa kila meli ishushapo mafuta, mpaka mikono ikaniuma. Kipande kilichobonyea tu kilistahamili. Chenye mkwaruzo kilitoa jasho kwanza, kisha maji yakachirizika kwenye mstari wa tupa.

"Basi ushapata jibu," nilisema.

"Kimoja si ushahidi, bibie. Huenda shaba yenyewe ilikuwa mbovu."

Tukaendelea hadi karibu na magharibi, na kila chenye mkwaruzo kilipasuka palepale. Nilimtazama alivyorowa kanzu nzima, bado anainama kuchungulia, nikaona fahari kuolewa na mtu asiyependa kujidanganya.

Kesho yake alivipeleka vile vipande kwa mhandisi wa ghala. Mhandisi alivipapasa, akauliza maswali mengi, mwisho akasema, "Tukate. Meli itasubiri."

Walipokitoa kile kipande cha bomba na kukisafisha, waliona ndani ya mkwaruzo ufa mwembamba kama unywele, umeshakula sehemu kubwa ya unene wa chuma. Meli ilingoja nje ya bandari, nahodha akanung'unika, lakini mafuta yalishuka salama.

Jioni majirani walikuja kumpongeza. Aliwaambia jaribio lile tulilifanya wawili, akanielekezea mkono mimi. Niliona haya, nikaingia jikoni kuwatilia chai, na huko nikacheka peke yangu kwa furaha.