Setilaiti Iliwaona Porini, Ofisi Ilikuwa Imefungwa

Saa kumi na mbili asubuhi, Majengo, mjini Mpanda. Gelasius Kasonso amepanda juu ya lori analoendesha, anafuta vumbi kwenye kifaa cheupe mfano wa bakuli lililofunikwa.

"Hiki ndicho kinachotuona," anasema akishuka taratibu. Hatabasamu.

Gelasius, mwenye umri wa miaka 43, hupeleka mahindi kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo. Mwaka 1997 tajiri wake wa Dar es Salaam alifunga vifaa hivyo kwenye malori yake yote. Kifaa hupokea mawimbi ya setilaiti kadhaa, na kwa kupima muda yanaotumia kufika, hujua gari lilipo. Kisha hutuma taarifa ofisini kupitia setilaiti nyingine, na alama ndogo ikaonekana kwenye kompyuta.

"Madereva tulinung'unika. Tulisema tajiri anatuchunga kama ng'ombe."

Mwaka jana, mwezi Machi, mvua ikiwa haikatiki, lori lilizama kwenye tope katikati ya pori lisilo na simu. Ilikuwa Ijumaa jioni. Gelasius alikuwa na dereva mwenzake, Manyanda, aliyekuwa akitetemeka kwa malaria.

Manyanda alitaka watembee kutafuta msaada. Alishuka, miguu ikamkatalia.

"Tulia, mdogo wangu," Gelasius alimwambia. "Dar wanatuona. Watakuja."

"Kweli wanatuona, kaka?"

"Wanatuona."

Kifaa kilifanya kazi yake. Kila saa kilituma habari kwamba lori limesimama palepale. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa, na hakuna aliyeketi mbele ya kompyuta hadi Jumatatu.

Manyanda alifariki Jumapili mchana, kichwa chake kikiwa kwenye paja la Gelasius. Kesho yake gari la msaada lilikuja moja kwa moja hadi walipokuwa, bila kuuliza njia.

"Hapo ndipo nilipolia," anasema. "Walipajua mahali penyewe kabisa. Wangeangalia Jumamosi, labda tungemuwahisha hospitali."

Baada ya mazishi alikaa nyumbani Nsemulwa, mjini hapa, miezi miwili bila kugusa usukani. Mkewe, Skolastika, alimsihi asirudi kabisa. "Kazi nyingine siijui," alimjibu, akarudi barabarani.

Kabla ya mvua za Novemba, Gelasius anapanga kwenda Dar na madereva wenzake kumwona tajiri. Wanataka mtu wa zamu mwisho wa wiki, na kitufe cha kuomba msaada ndani ya kila gari.

Je, akikataa?

Gelasius anakunja kitambaa alichofutia vumbi.

"Tutakwenda na mama yake Manyanda. Ameomba mwenyewe. Anataka aione hiyo kompyuta."