Shimo Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Mto wetu, chini kidogo ya Muthara, una mashimo mengi kuliko watu wa kuyakubali. Malori yalibeba mchanga miaka nenda miaka rudi, na uchimbaji ulipopigwa marufuku kila mtu akasahau alikoweka beleshi lake. Chifu akaunda kamati ya kuyashughulikia mashimo. Kwa kuwa mimi ni mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, nikafanywa katibu.

Nilikubali kwa ajili ya mama mkwe. Shimo kubwa kuliko yote lilikuwa nyuma ya jiko lake, na kila mvua iliponyesha ukingo ulimeguka. Asubuhi alihesabu hatua kutoka mlangoni hadi ukingoni. Zilikuwa thelathini, zikabaki kumi na moja. Masika moja tu zaidi, na jiko lingeingia shimoni na sufuria zake.

"Mwalimu," aliniambia, "mwenye alichimba hii shimo, mama yake hakumchapa vizuri."

Nilimuunga mkono kwa moyo wote.

Sheria ya kamati ilikuwa rahisi: aliyechimba karibu na nyumba ajaze, aliyechimba mbali alainishe kingo na kupanda nyasi. Lakini barazani, chifu alipouliza nani alichimba, wanaume wazima walitazama viatu vyao. Mmoja alisema ni mvua. Baada ya mabaraza matatu daftari langu lilikuwa na tarehe tu, nami nilikuwa nimekasirika mpaka kichwa kinaniuma.

Ndipo nikamwomba chifu atangaze kwamba wenye mashimo watapewa vifaranga vya samaki, tilapia, wafuge. Haukuwa uongo, tulikuwa tumeahidiwa kweli. Masharti, kwamba sheria ya kujaza iko palepale, tuliyaacha ya mwisho.

Baraza la nne lilijaa pomoni. Mikono ilipanda kama ya watoto wa darasa la kwanza wakiulizwa nani anataka peremende. Wawili waligombania shimo moja hadi wakashikana mashati. Niliandika huku nikitabasamu.

"Na ile kubwa, nyuma ya jiko ya mama?" chifu akauliza.

"Hiyo ni yangu, chifu! Nilichimba mwenyewe, usiku, wakati nilikuwa najenga."

Alikuwa mume wangu. Mimi alikuwa ameniambia mchanga wa nyumba yetu ulitoka mbali, tena kwa lori. Niliona aibu mpaka kalamu ikaniponyoka. Mama mkwe hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi.

"Kumbe nyinyi mnalala ndani ya shamba yangu," alisema.

Kesho yake alihamia kwetu na sufuria, mafiga matatu na kuku wawili, akachagua chumba chetu cha kulala. Atarudi kwake shimo likijaa, alisema, wala si siku moja kabla. Mume wangu, ambaye jua halikuwahi kumkuta nje ya blanketi, sasa anasukuma wilbaro tangu alfajiri. Mimi nikitoka shuleni nashika beleshi la pili. Hakuna aliyenilazimisha, ila nimeishi katika nyumba ile miaka minane na sikuwahi kuuliza hilo lori lilipita njia gani.